Karatasi za viza ya mwenza: anzia RITA, usianzie ubalozini

Mdogo wangu wa kike alipoanza kukusanya karatasi za kumfuata mumewe Minneapolis, nyumba nzima ilikuwa na wasiwasi na swali moja: ubalozini watamuuliza nini? Tukamfanyisha mazoezi ya mahojiano kabla hata fomu ya kwanza haijajazwa. Kumbe kilichokuja kutuchelewesha miezi minne kilikuwa kabatini kwetu Tandika muda wote. Cheti cha kuzaliwa kinamwita Mwajuma. Cheti cha ndoa, aliyejaza siku ile aliandika Mwanajuma, na sisi kwa furaha ya harusi hatukusoma. Herufi mbili tu. Lakini kwa mtu aliyeko Marekani, ambaye hamjui mdogo wangu wala mama yetu, Mwajuma na Mwanajuma ni wanawake wawili.

Ndiyo maana mwongozo huu nauelekeza zaidi upande wetu wa bahari. Fomu za Marekani zina maelekezo yake, na yanasomeka. Kinachowakwamisha watu wa Dar ni karatasi za hapa hapa: zimetoka ofisi tofauti, miaka tofauti, kwa mikono tofauti, na kila moja inamtaja mtu kwa namna yake.

Kabla ya kutoa hata senti

Soma kwanza tangazo la karibuni kwenye tovuti ya ubalozi wa Marekani na ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. Tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizozuiliwa viza kwa sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza za wahamiaji zimo ndani ya zuio hilo. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo usichukue neno la shangazi wa mtu wala la wakala wa Kariakoo. Soma mwenyewe, au mwombe anayejua Kiingereza vizuri akusomee.

Zuio halifanyi kazi ya kukusanya vyeti iwe bure. Cheti cha kuzaliwa hakiozi, cheti cha ndoa hakiozi, na kosa la jina huchukua muda kurekebishwa iwe viza zinatoka au hazitoki. Vinavyoisha muda ni hati ya polisi na vipimo vya afya. Hivyo viwili viache mwisho kabisa.

Safari yenyewe, kwa ufupi, iko hivi. Mwenza aliyeko Marekani anapeleka maombi ya kukutambua kwa fomu I-130 kwenye idara yao ya uhamiaji, USCIS. Yakikubaliwa, jalada linahamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, ambako mnalipa ada mbili, dola 325 ya viza na dola 120 ya kiapo cha matunzo (ahadi ya mwenza kwamba atakutunza), mnajaza fomu DS-260 ya maombi ya viza na kupakia vyeti mtandaoni. Baada ya hapo ndipo unapangiwa mahojiano. Barua ya miadi itataja ubalozi na tarehe, fuata hiyo.

Hatua ya kwanza: tandaza kila kitu mezani

Chukua jioni moja. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo kama unacho. Chora jedwali kwenye daftari: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Nakili kutoka kila karatasi herufi kwa herufi, usiandike unavyojua wewe. Hapo ndipo utaona Said na Saidi, Hamis na Hamisi, Rehema aliyezaliwa Temeke kwenye cheti hiki na Rufiji kwenye kile.

Tofauti ndogo ya tahajia kwenye karatasi ya pembeni, kama cheti cha darasa la saba, hutatuliwa na kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, kinachosema wazi kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa au pasipoti usiifunike kwa kiapo peke yake. Rudi kwenye chanzo urekebishiwe. Na kama ulibadili jina kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nakala iliyogongwa mhuri na wakili bila kusajiliwa haitoshi.

Dada zetu wengi hawabadili jina wakiolewa, na si kosa. Hakuna sharti la kuitwa kwa jina la mume ili upate viza. Tatizo huja pale unapojiandika kwa jina la mume kwenye fomu huku pasipoti inasema jina la baba. Andika kama pasipoti inavyosema, na jina jingine liweke kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia.

Hatua ya pili: cheti cha kuzaliwa

Kinachotakiwa ni cheti cha RITA, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini. Ile karatasi mama aliyopewa hospitali ulipozaliwa ni tangazo la kizazi, si cheti, hata kama imekaa kwenye fremu ukutani kwa miaka 30. Mzaliwa wa Zanzibar hupata chake kwenye wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa huko huko, si RITA.

Kama hujawahi kusajiliwa, na walio hivyo ni wengi kuliko wanavyokiri, utaomba usajili wa aliyechelewa. Maombi hufanywa kwa mfumo wa eRITA, unapata kontroo namba, unalipia kwa simu au benki, na unaambatisha uthibitisho: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha shule, kitambulisho cha NIDA na vya namna hiyo. Fanya hili mapema kuliko yote.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni hili. Cheti kilichotolewa mwaka jana kwa mtu wa miaka 34 humfanya afisa wa viza ajiulize. Si kwamba kinakataliwa. Anataka kuona kitu cha zamani kinachokubaliana nacho. Kwa hiyo zile karatasi ulizozitumia kuombea cheti usizitupe. Cheti cha ubatizo cha 1991, rejesta ya shule ya msingi, kiapo cha shangazi aliyekuwepo ulipozaliwa, vyote vifungwe pamoja na cheti kipya.

Tafadhali, kaa mbali na vishoka. Wapo karibu na kila ofisi ya vyeti mjini, wana maneno matamu na wanaahidi cheti kesho asubuhi. RITA ina huduma ya uhakiki wa vyeti, na cheti kisichomo kwenye kumbukumbu zao ni cheti cha kughushi hata kama wewe ulilipa kwa nia njema. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, kuwasilisha hati ya uongo kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Inaniuma sana kuona mtu mwenye ndoa ya kweli akipoteza haki yake kwa sababu ya kukwepa foleni.

Hatua ya tatu: ndoa ya sasa na zilizotangulia

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila, kwa hiyo usijione mnyonge kwamba mlifungia msikitini Mbagala badala ya bomani. Kinachohitajika ni cheti chenye namba, saini ya mfungishaji na za mashahidi, na kumbukumbu yake iwe imefika kwa Msajili Mkuu. Cheti kile cha kanisa chenye maua pembeni ni kumbukumbu nzuri, lakini si hicho kinachoombwa.

Mfungishaji ana wajibu wa kupeleka kumbukumbu za ndoa kwa Msajili. Wengine wanachelewa, wengine wanasahau. Baada ya mwezi mmoja au miwili nenda RITA uulize kama ndoa yenu imo, na ikiwa imo omba nakala iliyothibitishwa. Sisi tuligundua kosa la jina la mdogo wangu kwa njia hiyo. Tulirudi kwa aliyefungisha, tukampelekea cheti cha kuzaliwa na pasipoti, naye akaandika barua ya kukiri kosa. Mara tatu tulikwenda na kurudi. Ungekisoma cheti siku ya harusi, kabla ya kusaini, ungeokoa nauli zote hizo. Mpe jukumu hilo mtu mmoja mtulivu, kaka au mshenga, asiyelia wala kupiga vigelegele, asome kila herufi.

Kwa anayekuja likizo ya wiki mbili kutoka Marekani kuoa: sheria inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Mchumba aliyeko Dar aanze taratibu hizo mapema, au muombe leseni kwa Msajili Mkuu ya kuondolewa sharti hilo. Ndoa iliyofungwa kwa haraka na kurudishwa tarehe nyuma ni uongo wa maandishi, na tarehe ya kugongwa mhuri pasipoti uwanja wa ndege itaufichua.

Sasa talaka. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wa pwani tunapojikwaa. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, lazima uonyeshe kila ndoa ya nyuma iliishaje. Karatasi ya talaka aliyoandika mume, hata ikiwa na saini ya sheikh na mashahidi, kwa sheria ya Tanzania haimalizi kazi. Shauri hupitia baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Amri hiyo ndiyo unayoiwasilisha. Na tarehe yake lazima iwe kabla ya ndoa mpya. Nimeona mama mmoja aliyeachwa 2009, akaolewa tena 2019, akaenda mahakamani kutafuta amri 2023. Machoni pa afisa, ndoa ya 2019 ilifungwa wakati ya kwanza bado hai. Ilibidi aanze upya. Aliyefiwa atahitaji cheti cha kifo cha RITA, kibali cha mazishi hakitoshi.

Na la wake wengi tuseme wazi, kwa heshima. Sheria yetu inairuhusu ndoa hiyo, ya Marekani haiitambui. Mke wa pili, wakati wa kwanza bado yumo, hapati viza ya mwenza, hata akiwa na cheti kizuri kiasi gani.

Hatua ya nne: kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli

Wakili wa Marekani atakuomba akaunti ya pamoja ya benki, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bima ya pamoja. Mtu wa Dar anasoma orodha hiyo anakata tamaa, kwa sababu mume yuko mbali na nyumba ni ya familia. Usikate tamaa. Harusi ya Kitanzania inaacha karatasi nyingi kuliko benki yoyote, ila sisi huwa tunazitupa.

Barua ya posa, na majibu yake. Maandishi ya mahari: kiasi gani, kimelipwa lini, nani alipokea. Kadi za mchango zenye majina ya bwana na bibi harusi. Daftari la mweka hazina wa kamati. Risiti ya ukumbi, ya mpambaji, ya mpishi. Picha za kichenipati, za sendofu, za mkesha, za siku yenyewe. Usipeleke mia mbili za bibi harusi peke yake amekaa kwenye kiti. Chagua zile zenye ndugu wa pande zote mbili, andika nyuma au chini: tarehe, mahali, nani ni nani. Picha ya mama mkwe akipokea mkaja inaeleza mengi kuliko picha kumi za studio, ila umweleze msomaji mgeni, kwa sentensi mbili za Kiingereza, kinachofanyika pale.

Baada ya harusi, maisha yanaendelea kuacha alama. Chapisha taarifa za miamala ya M-Pesa na za kutuma fedha kutoka nje, onyesha zilizotoka kwa mwenza, na pembeni andika zilitumikaje: kodi ya Julai, ada ya mtoto, matibabu ya mama mkwe. Mazungumzo ya WhatsApp chagua kurasa chache kwa kila kipindi cha miezi kadhaa, zenye tarehe kuonekana. Usipeleke yote, na ya faragha yabaki yenu. Tiketi za ndege na mihuri ya pasipoti ya kila safari aliyokuja ni ushahidi mzito sana, kwa sababu hauandikwi na nyinyi.

Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema mlikaa pamoja nyumba fulani, mtaa fulani, kipindi fulani, ni ya thamani. Mwombe aandike namba ya nyumba ya anwani za makazi, ile iliyobandikwa tangu zoezi la 2022, kwa sababu fomu I-130A, ile ya taarifa zako wewe mwenza unayeombewa, inataka anwani zako za miaka mitano na sisi tumezoea kusema "nyuma ya msikiti, ulizia kwa Mama Salma". Chagua namna moja ya kuandika anwani, uitumie hiyo hiyo kila mahali. Ongeza viapo viwili au vitatu vya watu wanaowajua nyote. Kiapo cha "nawajua, wanapendana" hakina uzito. Kiapo cha "nilikuwa mshenga, nilipeleka barua Tandika tarehe fulani, nikawapokea uwanja wa ndege walipotoka Zanzibar" kina uzito.

Mlio kwenye ndoa changa, endeleeni kuhifadhi. Mkiwa hamjatimiza miaka miwili ya ndoa siku ya kuingia Marekani, grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, itakuwa ya masharti ya miaka miwili, na kabla haijaisha mtaombwa ushahidi tena kwa fomu I-751 ya kuondoa masharti hayo.

Hatua ya tano: upande wa mwenza aliyeko Marekani

Hapa nitapita haraka. Yeye analeta uthibitisho wa uraia au grinikadi yake, hati za talaka zake kama zipo, na fomu I-864 ya kiapo cha matunzo pamoja na taarifa ya kodi ya mwaka wa karibuni kutoka IRS, mamlaka yao ya kodi, hati za mshahara na barua ya mwajiri. Kipato kinatakiwa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao. Kwa familia ya watu wawili, mwaka 2025, ilikuwa kama dola 26,437. Asipofikia, ndugu au rafiki mwenye uraia au grinikadi anayeishi Marekani anaweza kusimama naye. Shemeji asione haya kulisema hili mapema. Kuficha kipato kidogo mpaka NVC warudishe jalada ni kumtesa mke bure.

Mwenye watoto asikie hili. Kama mwenza ni raia wa Marekani, mtoto hasafiri kwenye ombi la mama yake. Kila mtoto anahitaji I-130 yake, na mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kama mwenza ana grinikadi tu, watoto wasioolewa walio chini ya miaka 21 wanaweza kuingia kwenye ombi lile lile. Nawaomba sana msilisahau, maana mtoto akibaki kwa bibi Kigoma kwa kosa la fomu, miaka inakwenda.

Hatua ya sita: hati ya polisi

Hutolewa na Jeshi la Polisi, baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na malipo ni kwa kontroo namba kama kawaida. Kila mwombaji wa miaka 16 na zaidi anaihitaji. Kwa NVC hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiichukue wakati I-130 bado haijajibiwa.

Aliyefanya kazi Muscat au Dubai, au aliyesoma Kampala, ajue hati ya Tanzania haitoshi. Nchi yoyote uliyokaa miezi 12 au zaidi ukiwa umeshatimiza miaka 16 inadaiwa hati yake. Kuipata ukiwa Dar ni kazi, na kuna waliochukua miezi. Ukiwa bado uko huko, omba kabla hujapanda ndege ya kurudi.

Hatua ya saba: tafsiri na kuskani

Hati iliyo kwa Kiswahili pekee ambatanisha na tafsiri ya Kiingereza tangu hatua ya I-130. Mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, aweke jina, saini na tarehe. Si lazima awe na ofisi kubwa, ila asiwe wewe wala mwenza wako. Ukitaka utulivu wa moyo, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri hati rasmi. Na kila muhuri utafsiriwe, hata ule uliofifia.

Skani hati halisi kwa rangi, mbele na nyuma kama nyuma kuna muhuri. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako itarudishwa, na kila kurudishwa ni wiki kadhaa tena kwenye foleni.

Hatua ya mwisho: vipimo na siku ya miadi

Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi tu, baada ya kupata tarehe ya mahojiano. Nenda na pasipoti, barua ya miadi na kadi za chanjo. Ukikabidhiwa bahasha iliyofungwa, usiifungue, hata kwa kuchungulia.

Siku ya mahojiano beba hati halisi zote ulizopakia, pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele, na picha mbili za sentimita 5 kwa 5 zenye nyuma nyeupe, bila miwani. Zipange kwa mfuatano ule ule wa barua ya miadi. Mdogo wangu alizitia kwenye faili la bluu lenye mifuko ya plastiki, kila mfuko na kibandiko chake, na juu kabisa ilikaa ile barua ya mfungishaji. Afisa alifika kwenye cheti cha ndoa, akatazama jina, akatazama pasipoti. Kabla hajafungua mdomo, mdogo wangu alikuwa ameshaipitisha ile barua chini ya kioo.